Usihesabu Mapovu

Anayelima sukuma wiki au mchicha ndani ya ndoo, kwenye besimenti ya Scarborough au ghorofani Etobicoke hapa Toronto, mara nyingi huupima mtambo wake wa haidroponiki, yaani kilimo cha majini bila udongo, kwa macho: maji yakitokota mapovu, anaridhika kwamba mizizi inapumua. Kipimo hicho kinadanganya. Katika ndoo ya kawaida povu hupanda kutoka chini hadi juu kwa sekunde moja au mbili, na katika safari fupi namna hiyo huacha oksijeni kidogo tu. Kazi yake kubwa ni kuyapindua maji, kuyatoa chini yaliyochoka na kuyaleta juu yakutane na hewa. Kwa hiyo mpulizo mzuri unajulikana kwa mzunguko. Tazama vipande vidogo vya mizizi vinavyoelea: vikisafiri tangi zima, pembeni na hata chini ya kichaka cha mizizi, jiwe la hewa, lile linalotoa mapovu, limekaa mahali pake. Vikituama kona moja, hapo pana maji mafu, na kuongeza jiwe la pili kona iliyo na mapovu tayari ni kupoteza fedha.

Lakini hata mzunguko ulio bora una ukomo, na ukomo huo umewekwa na joto. Maji safi yenye nyuzi 15 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 10 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 20 hubeba 9, na kwenye nyuzi 30 hubaki saba na nusu. Hakuna pampu ya kupuliza hewa ya kawaida itakayovuka hapo. Baya zaidi, joto likipanda mizizi nayo huhitaji oksijeni nyingi zaidi, yaani matumizi yanaongezeka wakati ghala linapungua. Ndiyo maana ndoo iliyokaa juu ya sakafu baridi ya zege huishinda ile iliyo kando ya hita, hata kama ya pili ina pampu ya bei mbaya. Mimi ningelenga nyuzi 18 hadi 22. Toronto ina mitego miwili: Julai yenye jua linalopiga madirisha ya kondo, na Januari yenye hita zinazokausha hewa ya chumba. Hewa kavu ikipulizwa majini huharakisha mvuke, chumvi za virutubisho zikabaki nyuma na kukolea, kwa hiyo wakati wa baridi tangi huongezwa maji matupu kwanza. (Wanaopuliza hewa usiku kucha ili kutoa klorini katika maji ya bomba wajue kuwa jiji hili hutumia kloramini, ambayo haitoki kirahisi hivyo.)

Wapo watakaosema pampu yenyewe haihitajiki. Wana hoja. Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii alieneza njia ya kulima bila pampu kabisa, na utafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha letusi ikikua vilevile kwenye miligramu 2.1 za oksijeni kwa lita kama kwenye kiwango cha juu. Ila ushahidi huo, ukisomwa vizuri, hautetei uzembe. Katika njia ya Kratky maji hushuka kadiri mmea unavyokunywa, na mizizi ya juu huachwa ndani ya hewa yenye unyevu. Lita moja ya hewa ina oksijeni zaidi ya mara 30 ya lita moja ya maji. Na namba ya Cornell ni ya maji yanayoigusa mizizi, wakati kipimo kinachotumbukizwa ukingoni mwa ndoo hakisemi lolote kuhusu katikati ya fundo la mizizi ya mmea mkubwa. Funzo ni kwamba nafasi ya hewa ya sentimeta chache kati ya kifuniko na maji ni sehemu ya ufundi, hata kwa mwenye pampu. Pampu hutegemea umeme, nao hukatika: dhoruba ya barafu ya Desemba 2013 iliwakatia umeme wateja wapatao 300,000 wa Toronto Hydro, baadhi yao kwa siku kadhaa. Katika hali kama hiyo ndoo iliyojazwa hadi shingoni ndiyo hufa kwanza. Pampu nayo ikae juu ya usawa wa maji, au mpira wake uwe na vali ya kuzuia maji yasirudi, vinginevyo umeme ukikatika maji hufuata mpira hadi sakafuni.

Hukumu ya mwisho hutolewa na mizizi. Usiihukumu kwa rangi peke yake, kwani baadhi ya virutubisho huitia ukahawia usio na madhara. Inua kifuniko unuse: harufu iwe ya mvua, isiwe ya mtaro. Kisha shika mzizi mmoja kwa vidole viwili uuvute taratibu. Ulio mzima hukaza. Uliooza huvua ganda laini lenye utelezi, ukabaki na uzi mwembamba mkononi. Mara nyingi hiyo ni kazi ya vimelea vya Pythium, ambavyo hupenda maji ya vuguvugu yenye hewa haba. Kwa hiyo, kabla ya kununua pampu kubwa zaidi, nunua kipimajoto.