Neno Halijulikani kwa Mkia Wake

Walimu wenzetu, iko kanuni moja tuifundishayo kwa wepesi mno: ya kwamba neno la Kiingereza likiishia "-ly" ni kielezi, yaani neno lielezalo jinsi tendo lifanywavyo. Kanuni hiyo hupendwa kwa kuwa kazi yake husahihishwa upesi. Lakini twaona imewadhuru wanafunzi, na hasa katika maneno ya upendo, ambayo kijana huyahitaji aandikapo barua kwa wamtunzao.

Tazama "fondly", "dearly" na "affectionately". Hayo ni vielezi kweli. Lakini "lovely", "friendly" na "fatherly" yana mkia ule ule, nayo ni sifa, yaani hueleza jina wala si tendo. Mwanafunzi wetu mmoja, aliyekuwa hodari wa kutaja aina za maneno, alimwandikia mjomba wake, "I love you lovely." Alitaka kusema "dearly". Kanuni aliishika, na kanuni ikampoteza.

Tena neno moja hushika kazi nyingi. "Dear" ni sifa mwanzoni mwa barua; ni jina katika "my dear"; ni kielezi katika "it cost him dear", yaani jambo lile lilimgharimu sana; na katika "oh dear" ni neno la mshangao. Basi mwalimu aulizaye, "Dear ni neno la aina gani?" pasipo kutoa sentensi, ameuliza swali lisilo na jibu moja.

Hata aina ikijulikana, maana yaweza kumponyoka mtu. Zamani neno "fond" lilikuwa na maana ya upumbavu, na Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, aliitanguliza maana hiyo. Mabaki yake yangaliko: "I fondly hope" ni kama kusema, "Natumaini, ingawa labda najidanganya." Kijana amwandikiaye mfadhili hivyo, akiomba karo, adhani ameonyesha mapenzi, kumbe amekiri kwamba tumaini lake ni bure. Na kielezi chake kimekaa mahali pake barabara!

Tufanyeje basi? Tuanze na Kiswahili. Mtoto husema "viatu vizuri", tena husema "anaimba vizuri", wala hakosei. Neno ni lile lile: kwanza lasifu viatu, kisha laeleza kuimba. Kadhalika husema "alinisalimu kirafiki". Akielewa kazi ya "kirafiki" hapo, ataelewa kwa nini "friendly" peke yake haitoshi, na kwa nini Waingereza husema "in a friendly way".

Hatusemi kanuni itupwe. Twasema ifuate sentensi, isiitangulie. Mwanafunzi na aulize kwanza, "Neno hili lafanya kazi gani hapa?" Akijibu hilo, mkia hautamdanganya, na barua yake itafika na upendo aliokusudia.