Na Nani? Kuisoma Barua ya Galari

Barua yenyewe ni ukurasa mmoja na nusu. Kijana mmoja mchoraji wa hapa Dar es Salaam aliniletea, akitaka nimwambie kama atoe hela au asitoe. Galari iliyoiandika sitaitaja. Nilimwambia tuisome kwanza kama tusomavyo shairi: nani anasema, anamwambia nani, na kwa kauli gani.

Inafungua kwa "Ndugu Msanii". Jina hakuna. Mstari unaofuata unampa hongera kwa kuwa "umechaguliwa kushiriki maonyesho yetu". Basi kijana ameteuliwa miongoni mwa wengi, na aliyemteua hajui anaitwa nani. Ufa wa kwanza ndio huo, nao uko mlangoni.

Kisha sarufi. Kauli ya kutendwa humtaja mtenda kwa "na": umechaguliwa na kamati, umechaguliwa na Fulani. Katika barua hii ahadi zote za galari ziko katika kauli hiyo, na hakuna hata moja yenye "na" yake. Kazi zitapokelewa, zitatundikwa, zitatangazwa kwa wanunuzi wakubwa. Na nani? Panapofika fedha na hasara, barua inashuka daraja moja zaidi, hadi kauli ya kutendeka. Msanii atalipwa "taratibu zitakapokamilika", na galari haitahusika na "kazi itakayoharibika". Kwenye kutendwa mtenda amejificha. Kwenye kutendeka hayupo kabisa. Taratibu zinakamilika zenyewe, picha inaharibika yenyewe, na wa kudaiwa hapatikani.

Kauli ya kutenda nayo imo, ila tazama amebebeshwa nani. Msanii ataleta kazi, atagharamia fremu, atachangia shilingi 350,000 za ukuta kabla ya ufunguzi. Galari inatenda mara moja tu: "itabaki na asilimia 50 ya mauzo". Nusu hiyo peke yake si kosa. Galari nyingi za heshima hugawana na msanii nusu kwa nusu, kwani pango, matangazo na kazi ya kutafuta wanunuzi ni juu yao. Anayekula kwenye mauzo hana budi kuuza. Lakini anayewatoza wasanii 20 hela ya ukuta ana milioni saba mfukoni kabla mgeni wa kwanza hajaingia. Huyo picha zisiponunuliwa halali njaa.

Na hilo neno "atachangia"! Mchango tunaujua. Ukichangia harusi unakula pilau, na siku yako ikifika nawe utachangiwa. Hapa ni kodi ya ukuta iliyovishwa kanga ya undugu, na yule "Ndugu" wa juu ndiye aliyetumwa kuisafishia njia.

Wafanyabiashara wetu wana neno lililo kinyume cha barua hii: mali kauli. Mtu anakuachia mzigo, unauza, ndipo unamlipa. Kinachoushika mzigo ule ni kauli ya mtu anayejulikana jina na kibanda chake. Picha iliyoachwa galari ni mali kauli, kwa hiyo hati yake nzuri haina mapambo. Inasomeka kama daftari la duka: jina la kazi, vipimo, rangi iliyotumika, bei, fungu la kila upande, siku ya kurudishwa isipouzwa. Kila kitenzi kina mwenyewe: "Galari itamlipa msanii ndani ya siku 30 baada ya kuuza. Kazi ikiharibika mikononi mwa galari, galari itafidia." Hata "ikiharibika" ya hapo imefungwa kamba na kitenzi cha kutenda.

Sheria ya jimbo la New York inakwenda mbali zaidi: kazi ambayo msanii amemwachia muuzaji, pamoja na fedha zake ikishauzwa, ni amana. Hata hivyo Lawrence Salander, mwenye galari kubwa ya huko Manhattan, aliuza kazi za watu, zikiwemo za marehemu mchoraji Stuart Davis, bila kuwafikishia wenyewe haki yao. Mwaka 2010 alihukumiwa kifungo cha miaka 6 hadi 18, na mwaka 2012 sheria ikakazwa ili fedha za amana zisichanganywe na za duka. Ukubwa wa jina, basi, hauwezi kushika nafasi ya tarehe na saini.

Kijana alichukua kalamu nyekundu akaandika "na nani?" juu ya kila kitenzi cha kutendwa, na "lini?" juu ya "zitakapokamilika". Kisha akayapanga maswali hayo vizuri katika barua yake mwenyewe, akaituma kwa galari kwa adabu zote, jina lake kamili chini.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili, la mstari mmoja: "Ndugu Msanii, nafasi zimejaa."