Majina ya Kwenye Simu Si Dhamana

Tuanze na uamuzi wenyewe, maana kila aliyefuatilia sakata la mikopo ya mtandaoni aliuona ukitekelezwa. Programu ya mkopo ilipopakuliwa, iliomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyohifadhiwa kwenye simu. Asiyeruhusu hakupata mkopo. Marejesho yalipochelewa, ujumbe ulitumwa kwa watu wa kwenye orodha ile: fulani ni tapeli, mwambieni alipe. Uamuzi huo ulikuwa mbovu tangu siku ya kwanza, na haukuhitaji mdhibiti kuubaini. Ulihitaji mwanasheria mmoja ndani ya kampuni aseme hapana, na wenzake wa kampuni nyingine wasimame nyuma yake.

Tuupime kitaalamu. Mkopaji anaweza kuridhia taarifa zake mwenyewe zichukuliwe, lakini hawezi kuridhia kwa niaba ya shangazi yake, jirani yake wala mwalimu wa mwanawe. Kila jina kwenye orodha ni la mtu ambaye hakuomba mkopo, hakusoma masharti na hakubonyeza kitufe chochote. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi na zisizidi kinachohitajika. Orodha nzima ya majina haipimi uwezo wa mtu kulipa, inapima aibu atakayoipata, na aibu hiyo ndiyo iliyogeuzwa dhamana. Mchukue mkulima wa kabichi wa hapa Kwai, wilayani Lushoto. Simu yake ina namba ya dalali wa sokoni Dar es Salaam, ya dereva wa fuso, ya wakwe zake, na ya mwenye duka la pembejeo anayempa mbolea kwa mali kauli. Neno "tapeli" likiwafikia hao, dalali anasita kutanguliza fedha, mwenye duka anafunga daftari, na deni la shilingi elfu hamsini linaziba njia zote ambazo zingelilipa. Kisheria ni kosa, kibiashara ni hasara. Na nitarudia ninalolisema kila mara: masharti ya Kiingereza mbele ya mkopaji anayesoma Kiswahili hayazai ridhaa, hata yabonyezwe mara mia.

Mwongozo wa Benki Kuu ya Tanzania kwa wakopeshaji wa kidijitali, wa Agosti 2024, pamoja na orodha ya Novemba mwaka huohuo iliyotaja majukwaa na programu 69 zisizo na leseni, ni kazi nzuri. Kenya nayo ilitunga kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022, na Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine. Google ilizifungia programu za mikopo binafsi kusoma majina kuanzia Mei 31, 2023. Lakini hatua zote hizo zilikuja watu wakiwa wameshadhalilishwa. Mahali pa kuuzuia uamuzi ule palikuwa ndani, siku bidhaa ilipokuwa bado mezani. Aliyekaa kwenye meza hiyo, kama kampuni ilikuwa naye, kwa kawaida ni mwanasheria mmoja: asubuhi anapitia mkataba wa pango, mchana anafuatilia vibali vya kazi, jioni anaambiwa bidhaa inatoka Jumatatu. Akimuuliza mdhibiti, anaifichua kampuni yake. Akimuuliza wakili wa nje, anaanzisha ankara. Anabaki kujiuliza mwenyewe, na anayejiuliza mwenyewe hushindwa kirahisi na bosi mwenye haraka.

Waliotutangulia walijua kwamba jambo la namna hii halitatuliwi na kampuni moja peke yake. Kabla ya 2014, hapa nchini, fedha iliyotumwa kutoka mtandao mmoja wa simu kwenda mwingine haikuingia kwenye akaunti ya mpokeaji. Alipata ujumbe wenye namba ya siri, akaenda nao kwa wakala. Kampuni zilizokuwa zikigombania wateja usiku na mchana zikakaa meza moja, shirika la IFC la Kundi la Benki ya Dunia likiratibu na Benki Kuu ikifuatilia, zikaandika kanuni za pamoja za uendeshaji. Tigo, Airtel na Zantel zikatangulia, Vodacom ikajiunga 2016. Hiyo ndiyo kazi ya kitaalamu ninayoitolea mfano kila mwaka, na kizazi cha programu za mikopo hakijafika hata nusu yake.

Ndiyo maana nataka wanasheria wa ndani wa kampuni hizi wawe na mtandao wa kushauriana. Wapo watakaosema wanasheria wa kampuni shindani wakikutana watapanga bei, na Tume ya Ushindani itawashukia. Jibu limo katika mfano uleule: kanuni za uendeshaji ziliandikwa kwa pamoja, malipo baina ya kampuni yakaachwa kwa makubaliano ya mbili mbili. Wengine watasema Chama cha Mawakili wa Tanganyika kipo tangu 1954. Kipo, na ni chama cha mawakili wote, wa jinai, wa ardhi na wa mirathi; hatuwezi kukidai kila wiki kijadili ruhusa za simu. Hoja nzito zaidi ni kwamba huenda mwanasheria alikataa, bosi akampuuza. Kweli hutokea. Ila "mimi sikubali" ni maoni ya mwajiriwa, wakati "wenzangu wote mjini wamekataa hili, na hizi ndizo sababu" ni hatari ya kibiashara ambayo bosi lazima aipime.

Basi mtandao huo uanze mdogo. Waingie wanasheria walioajiriwa ndani ya kampuni tu, si mawakili wanaotafuta wateja. Bei na siri za mwajiri zisiguswe. Kila kikao kiwe na swali moja la bidhaa ambayo haijatoka, na kiache maandishi. Wasikwame kwenye hoteli za Dar es Salaam. Lushoto kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoundwa kwa sheria ya 1998, ambako mahakimu na majaji hunolewa pamoja, na wateja wanaobonyeza vile vitufe wako hatua chache mashambani. Kazi ya kwanza iwe waraka wa ukurasa mmoja kuhusu ruhusa za simu: ipi inahitajika kwa mkopo, ipi haihitajiki, na kwa kifungu gani. Kampuni itakayotaka tena orodha ya majina itamkuta mwanasheria wake ana jibu mkononi, na itajua kwamba wenzake wa kampuni nyingine watatoa jibu hilohilo.