Nyumba Ielekee Wapi Rufiji

Wataalamu wa feng shui, elimu ya Kichina ya kupanga makazi, wana kanuni moja ya mito ambayo mkulima wa Rufiji hahitaji kufundishwa. Mto unapokata kona, jenga upande wa ndani, usijenge upande wa nje. Wao husema kona inayoizunguka nyumba huleta neema, na ile inayoibinukia ni upinde uliovutwa kumlenga mwenye nyumba.

Neema na nuksi tuziweke kando kwanza, tuangalie maji yenyewe. Yakiingia konani hukimbia zaidi upande wa nje, yakaukwangua ukingo kwa chini mpaka udongo wa juu ukaporomoka. Upande wa ndani kasi hupungua, mchanga na tope vikatua. Kwa hiyo ukingo mmoja unaliwa na mwingine unanenepa. Mwenye shamba nje ya kona anahesabu miembe iliyokwenda na maji, na wa ng'ambo anapata ardhi mpya ambayo hakuinunua. Wachina waliokaa kando ya mito yao karne nyingi waliliona jambo hilo, wakalivika lugha ya bahati. Warufiji nao waliliona, wakasema tu kwamba mto umekula.

Kwa sababu hiyo sicheki ninapoona feng shui ikitangazwa mijini pamoja na ramani za nyumba na rangi za ukuta. Elimu hiyo ya upepo na maji ina sehemu mbili. Moja husoma umbo la ardhi: mwinuko uko wapi, maji yanapita wapi, upepo unaingilia wapi. Nyingine husoma dira na kugawa pande za nyumba kwa nyota na tarehe za kuzaliwa. Ya kwanza ukiileta Rufiji inafanya kazi siku hiyo hiyo. Ya pili ilipimwa chini ya jua la China, na ukiihamisha kama ilivyo unajiletea joto ndani.

Tuanze na Ngarambe, kusini mwa mto, kati ya bonde la Rufiji na milima ya Umatumbi. Jina hilo linajulikana kwa Kinjeketile Ngwale. Simulizi ambazo mwanahistoria Gilbert Gwassa alizikusanya kwa wazee katika miaka ya 1960 zinaeleza kwamba mwaka 1904 alichukuliwa na pepo akazama kwenye maji, akatoka siku ya pili nguo zake zikiwa kavu, kisha akaanza kugawa maji ya dawa. Alijenga na nyumba ya ibada iliyoitwa Kijumba Nungu. Watu walimiminika kutoka bondeni na kutoka milimani, na tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani wakamnyonga huko Mohoro, vita vya Maji Maji dhidi yao vikiwa vimekwishaanza kuwaka Umatumbi.

Wanahistoria huitazama dawa. Mimi leo natazama kiwanja. Mahali pa kupokea umma wa watu kwa miguu panahitaji maji ya karibu, ardhi isiyozama, na njia zinazofika kutoka pande zaidi ya moja. Ngarambe imekaa pembezoni mwa bonde, si katikati yake, na mtu wa mpunga na mtu wa mlimani wote wanaifikia. Kwa kanuni za feng shui hapo pana milima upande mmoja na maji upande mwingine, yaani kiwanja cha daraja la kwanza. Sidhani Kinjeketile alihitaji dira kukiona.

Bondeni kwenyewe, utaalamu wa kuchagua mahali ulikuwa wa kina zaidi, kwa sababu kosa lilikuwa na gharama. Mto unaofurika kila mwaka huacha mchanga na tope zito karibu na kingo zake, ndiyo maana kando ya mto huinuka matuta ya asili yenye mchanga mchanga, na nyuma yake ardhi hushuka tena kwenye mabwawa na udongo wa mfinyanzi mweusi. Mgeni angedhani usalama ni kukimbia mbali na mto. Mrufiji alijua kwamba hatua mia chache kutoka mtoni huenda ukawa unashuka. Nyumba zikakaa juu ya matuta, mpunga ukakaa kwenye mabonde ya nyuma, na maji yalipopungua watu walipanda mahindi na kunde kwenye unyevu uliobaki, kilimo wanachokiita mlao.

Juu ya hayo lilikuwepo dungu. Nguzo zinazikwa ardhini, sakafu ya miti inafungwa juu yake kwa urefu unaompita mtu au zaidi, kisha paa jepesi la nyasi au makuti na ngazi ya kupandia. Dungu hutumika kulinda shamba dhidi ya nguruwe, nyani, kiboko na ndege, na mafuriko yakija familia huhamia juu na vyombo vyake. Litazame kifundi uone lilivyopigwa hesabu. Maji hupita chini bila kuzuiwa, kwa hiyo hayana ukuta wa kusukuma. Upepo huingia kutoka pande zote pamoja na chini ya sakafu. Nguzo ikioza inabadilishwa peke yake, jengo lote halivunjwi. Nyumba ya matofali iliyozingirwa na maji hupokea nguvu yote kwenye kuta zake, na msingi wake ukilowa kwenye mfinyanzi mweusi, udongo huo hutanuka, kisha ukikauka hupasuka na kuipasua nyumba pamoja nao.

Mpangilio huo ulikatwa na Operesheni Rufiji. Baada ya mafuriko ya 1968, serikali iliwahamisha watu kutoka bondeni kwenda ardhi ya juu, hasa upande wa kaskazini, katika vijiji vya ujamaa. Nia ilieleweka: shule, zahanati na barabara haviwezi kuelea. Mtafiti Kjell Havnevik, aliyeichambua Rufiji katika kitabu chake cha mwaka 1993, anaonyesha upande wa pili wa hesabu hiyo. Mashamba yalibaki bondeni na walinzi wake wakawekwa mbali, wanyama wakala mazao. Watu wakarudi na kujenga madungu shambani, wakawa na nyumba mbili: moja ya kuandikishwa kijijini na moja ya kuishi msimu wa kilimo. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa kifundi uliokuwa sahihi kuliko yote, na hakuna ofisi iliyouchora.

Kijiji kipya kilileta jambo jingine ambalo halijadiliwi sana, nalo ni mstari. Nyumba zilipangwa kutazama barabara, na barabara haijui upepo. Hapa ndipo suala la mlango linapoingia.

China, katika maeneo yake mengi, jua la mchana hukaa kusini mwaka mzima na upepo mkali wa baridi hutoka kaskazini. Mlango ukiangalia kusini na mlima ukiwa nyuma, nyumba inapata joto na kinga. Rufiji iko kama nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Tangu mwisho wa Februari mpaka katikati ya Oktoba jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, miezi iliyobaki liko kusini kidogo, na muda wote liko juu sana. Hata mwezi Juni, linapoinama zaidi, upenu wa sentimita 90 unatia kivuli karibu mita moja na nusu ya ukuta wa kaskazini saa sita mchana. Kuta za kaskazini na kusini basi zinalindwa kwa paa tu. Adui ni jua la saa kumi alasiri linalopiga ukuta wa magharibi kwa mshazari, ambalo hakuna upenu wa kulizuia.

Upepo nao una ratiba yake. Kaskazi huvuma toka kaskazini mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi huvuma toka kusini na kusini mashariki, takriban Mei hadi Septemba. Zinapingana kwa majina, lakini zote mbili zina sehemu ya mashariki ndani yake. Ukiweka jambo hilo pamoja na lile la jua, ramani inajichora yenyewe. Nyumba inyooke mashariki hadi magharibi, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Baraza na vyumba vya kulala vikae mashariki. Jiko, ghala na choo vikae magharibi, ambako moshi na harufu haviingii ndani katika msimu wowote kati ya hiyo miwili, na papo hapo vinakinga jua la alasiri. Cheche ya jikoni nayo inapeperushwa kutoka kwenye paa la makuti badala ya kulielekea.

Kuna dira nyingine ambayo kila nyumba ya Kiislamu pwani imeibeba tangu zamani. Kutoka Rufiji, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja. Choo hakielekezwi kibla wala hakikipi kibla mgongo, kwa hiyo mchimbaji hukielekeza mashariki au magharibi, na mistari mingine ya ua hufuata hapo. Fundi anayejua kibla tayari anajua kaskazini bila chombo.

Sasa mgogoro mkubwa. Feng shui hukataza mlango wa mbele kutazamana na wa nyuma kwenye mstari mmoja, kwa madai kwamba neema huingia na kutoka bila kukaa. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, iliyoenea Ikwiriri, Kibiti na Dar es Salaam, imejengwa juu ya mstari huo huo: mlango wa mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, kisha mlango wa uani. Nani amekosea? Kwenye nchi ya baridi, mstari huo ni tundu la kupoteza joto, na katazo lina akili. Kwenye unyevunyevu wa Rufiji mwezi Februari, upepo unaopita moja kwa moja ndio unaokausha jasho. Ukiweka ukuta katikati ya ukumbi ili kuzuia neema isitoroke, utalala na joto la siku nzima. Wanaotaka faragha wamekwishatatua: pazia mlangoni. Linazuia macho na kupitisha hewa.

Vipimo vya vyumba pia vimetoka kwenye maji. Delta ya Rufiji ina karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania, na boriti zake zilisafirishwa kwa majahazi mpaka Ghuba ya Uajemi, kwenye miji isiyo na miti. Mwandishi Alan Villiers alisafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1939 na kukaa wiki kadhaa katika delta wakati mabaharia wakikata na kupakia. Boriti imara hubeba dari kwa mita mbili na nusu hadi tatu hivi, basi. Upana wa chumba katika nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar, na za miji ya Ghuba, ulifuata urefu huo. Mwenye nyumba aliweza kuongeza urefu wa chumba atakavyo, ila upana uliamuliwa na mti wa mkoko.

Je, zindiko? Pwani nyingi mtu hafungui msingi bila dua, sadaka au mganga wa kuzindika kiwanja, na wapo wanaopiga ramli kwanza. Hii ndiyo jamaa ya kweli ya ile feng shui ya dira, na sina ugomvi nayo. Familia inayohamia ikiwa na amani ya moyo imepata kitu. Lakini zindiko halipimi kina cha maji, na mganga mwenye busara huchagua kiwanja kikavu kabla ya kukizindika.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inataka nyumba ikae mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwenye mito ya milimani huenda zikatosha. Rufiji, ambako bonde la mafuriko lina upana wa kilomita nyingi, mita 60 huenda zikakuweka juu ya tuta salama na mita 600 zikakutosa bwawani. Mto wenyewe hauko tayari kukaa ulipochorwa: kuelekea mwisho wa miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji yake ilihamia matawi ya kaskazini ya delta, chumvi ikapanda kusini, na mpunga ukaingia kwenye mikoko ya kaskazini.

Bwawa la Nyerere la kufua umeme kwenye mto huu, la megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022, na wapo waliodhani mafuriko yamekwisha. Aprili 2024 maji yaliingia tena kwenye vijiji vya Rufiji na Kibiti, yakachukua nyumba na mashamba. Bwawa hupunguza kilele cha mafuriko likiwa na nafasi, na likijaa hupitisha. Anayenunua kiwanja bondeni kwa kuamini ukuta wa zege ulio mbali juu ya mto anajenga kwa taarifa ya mtu mwingine.

Ombi langu ni kwa serikali za vijiji, kuanzia Ngarambe mpaka Nyamisati upande wa delta. Wazee wanaokumbuka maji ya 1968 yalifika mti gani wanapungua. Waulizeni sasa, mpige mstari wa rangi na mwaka wake kwenye ukuta wa shule, wa zahanati na wa msikiti, mwongeze ule wa 2024 juu yake au chini yake. Mwenye kutaka kujenga aanzie kwenye mstari huo, dira ataifungua baadaye.