Daktari Anajifunzia kwa Nani?

Nimemaliza kusoma kwa mara ya pili Complications, kitabu cha daktari mpasuaji wa Marekani, Atul Gawande, kilichotoka mwaka 2002. Kilichonirudisha humo ni insha moja, "Education of a Knife", inayoeleza jinsi mpasuaji anavyofundwa.

Gawande anaanza na aibu yake mwenyewe. Akiwa mwanagenzi, anashindwa kupitisha mrija kwenye mshipa mkubwa wa kifuani, mpaka mwenzake mzoefu anashika sindano. Hajipambi. Anasema wazi kwamba mkono haupati ujuzi bila mazoezi, na mazoezi hufanyika kwa binadamu ambaye mara nyingi hajaelezwa vizuri kwamba anajifunziwa.

Halafu linamfika yeye. Mwanawe mchanga anaugua moyo. Nani aendelee kumwangalia kliniki: daktari kijana aliye mafunzoni, ambaye ndiye aliyemhudumia kwa karibu, au bingwa? Anachagua bingwa, wala hasiti. Kisha anakiri kuwa si haki, maana wenye kujua watachagua, na mzigo wa kufundishia madaktari utabaki kwa wasiojua. Kama hiari haiwezi kuwafikia wote, anaona pengine ni bora asipewe yeyote.

Hapo ndipo aliponishika, maana na mimi nimefanya hivyo hivyo. Mama alipolazwa, daktari wa mafunzo alimchoma mara nne akitafuta mshipa. Mi nikatoka nje, nikampigia simu mtu ninayefahamiana naye kwa ajili ya kazi yangu ya habari. Baada ya nusu saa bingwa akaja. Yule kijana akahamia kitanda cha jirani na sindano zake. Sikuangalia.

Lakini hitimisho la Gawande silikubali. Kuwanyima watu wote hiari hakuleti haki, kunaficha tu dhuluma. Na katika insha yake daktari anawaza sana, mgonjwa anasema machache mno. Mama yangu, nilipomwambia nimemtafutia bingwa, alinuna:

"Sasa yule mtoto atajifunzia kwa nani? Angeniambia tu kwamba ndo anaanza, ningempa na mkono wa pili."

Kumbe alikuwa radhi. Hakuna aliyemuuliza, hata mimi niliyemzaa.. hapana, aliyenizaa yeye, nami nikamwamulia kama mtoto.

Kisomeni kitabu hiki. Ila mkifika kwenye insha hiyo, msimsahau aliyelala kitandani.