Sifa Iliyotangulia Ladha

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Watawa wa abasia ya Mtakatifu Sixtus, huko Westvleteren, Ubelgiji, waliishika kanuni hiyo kwa vitendo: bia yao haikutangazwa, na chupa zake hazikubandikwa karatasi ya jina. Mwaka 2005 orodha ya wanywaji katika intaneti iliitaja Westvleteren 12 kuwa bora duniani. Magari yakapanga foleni langoni, ghala likaishiwa. Watawa wakakataa kuongeza kipimo, maana hupika bia ili waishi, hawaishi ili wapike bia. Wanunuzi walitakiwa kuagiza kwa simu, wala wasiuze tena walichonunua.

Ajabu ni kuwa kila katazo liligeuka sifa. Uhaba, uliokuwa tunda la kiasi, ukachukuliwa kuwa ushahidi wa ubora. Hapo methali yastahili kupimwa upya: chema hujiuza, lakini foleni nayo hukitembeza. Aliyesimama saa nyingi ni vigumu kuonja kwa haki. Amekwisha kulipa kwa miguu, na ulimi hauthubutu kuikana miguu. Hata kitabu adimu huweza kusifiwa na wasiokifungua. Hukumu itanguliayo kuonja si hukumu, ni mwangwi.