Pongezi kwa Bia ya Rochefort

Rochefort 10 ni bia nzito ya rangi ya kahawia, inayopikwa ndani ya abasia ya Notre-Dame de Saint-Rémy, Ubelgiji, chini ya usimamizi wa watawa Watrapisti. Kileo chake ni asilimia 11.3, na chachu iliyomo ndani ya chupa huendelea kuichachua baada ya kufungwa.

Haionjwi ikiwa baridi sana. Nyuzi 12 hadi 14 za Selsiasi zinatosha. Humiminwa polepole kwenye bilauri yenye mdomo mpana ili mashapo ya chachu yabaki chini. Kwanza hutazamwa rangi na povu. Kisha hunuswa, na hapo hujitokeza harufu ya zabibu kavu, tini, sukari iliyoungua na viungo. Mwisho hupigwa funda dogo, likazungushwa mdomoni kabla ya kumezwa.

Bia kali iliyo bora huwa na mizani: utamu wa kimea hauzidi, uchungu wa hopsi huukata, na kileo hupasha koo joto bila kuliunguza. Rochefort 10 hufaulu vipimo vyote hivyo. Mapato yake hutunza abasia na kusaidia wahitaji; watawa hawa wanastahili pongezi kwa ladha na kwa lengo la kazi yao.